Mfalme wa Uingereza analipwa na nani hasa: mlipa kodi, au mashamba yake mwenyewe?

MwanaKaloleni

Hamjambo wadau. Tangu ziara ya Mfalme Charles hapa Kenya mwishoni mwa Oktoba 2023, kila mjadala wa ufalme ukizuka hoja mbili hugongana. Upande mmoja: mfalme ni mzigo kwa mlipa kodi. Upande wa pili: mfalme huikabidhi serikali faida yote ya mashamba yake na kurudishiwa kipande tu, kwa hiyo yeye ndiye anayewalisha Waingereza.

Natayarisha mdahalo wa kidato cha nne hapa Makadara na sitaki vijana wapande jukwaani na takwimu za kuokota. Naomba kujua mfumo ulianza lini na ulibadilika vipi. Asilimia 15, 25 na 12 zinazotajwa ni za nini, na hesabu yenyewe hupigwaje? Na ni gharama gani ambazo hazimo kabisa? Tarehe na kiasi, tafadhali.

Kumbukumbu_Ngara

Ndugu, usianzie 1760 kama watu wengi wanavyofanya. Anzia 1660. Charles wa Pili aliporejeshwa kwenye kiti cha enzi, Bunge lilimkadiria mapato ya pauni milioni 1.2 kwa mwaka. Hizo hazikuwa pesa za jikoni na mavazi. Mfalme ndiye aliyekuwa serikali, na kutoka kapu hilohilo alilipa majaji, mabalozi, makarani na hata jeshi la majini wakati wa amani.

Mwaka 1698, chini ya William wa Tatu, Bunge lilitenganisha mambo mawili. Gharama za kijeshi lilizishika lenyewe, likizipitisha mwaka baada ya mwaka. Mfalme akatengewa pauni 700,000 kwa nyumba yake pamoja na serikali ya kiraia. Jina la Civil List limetokana na hapo: ilikuwa orodha ya malipo ya upande wa kiraia, tofauti na upande wa jeshi. Vijana wakidhani ni posho ya familia tangu siku ya kwanza, kila kitu kinachofuata kitawapotea.

Sasa 1760. George wa Tatu alikubali mapato ya kurithi, yaani ardhi ya Taji (kiti cha ufalme), posta na baadhi ya ushuru, yaingie katika hazina ya serikali, naye apewe pauni 800,000 kila mwaka. Siku hizi tukio hili husimuliwa kama mtu aliyetoa shamba lake nono akapozwa kwa posho. Sivyo lilivyokuwa. Ardhi ile wafalme waliotangulia walikuwa wameigawa na kuikodisha kwa bei ya chini karne nzima, hata ikawa inaleta kidogo mno. Uzito wa mapato ulikuwa kwenye ushuru, na ushuru ni kodi ya wananchi. Isitoshe, mali hiyo haikuwa huru: ilibeba wajibu wa kulipia serikali.

Kilichomponza George ni kwamba mapato yake yalifungwa lakini majukumu yakaachwa wazi. Mabalozi waliongezeka, pensheni za wanasiasa zikaongezeka, familia yake nayo ikakua. Mwaka 1769 Bunge lililipa madeni yake ya zaidi ya pauni nusu milioni. Mwaka 1777 likalipa tena, mara hii zaidi ya pauni 600,000, na kiasi cha mwaka kikapandishwa hadi 900,000. Ukijumlisha utawala wake wote, madeni yaliyolipwa na Bunge yalipita pauni milioni tatu.

Dawa iliyokuja 1782 kupitia sheria ya mbunge Edmund Burke naiona kuwa ya akili kuliko zote katika historia hii. Vyeo visivyo na kazi vilifutwa, kisha malipo yakapangwa katika madaraja manane, daraja la kwanza likilipwa kabla ya la pili na kuendelea hivyo. Familia ya mfalme walikuwa wa kwanza, wakafuata majaji, kisha mabalozi, kisha wafanyabiashara waliokuwa wakidai bili zao. Na daraja la mwisho kabisa? Mishahara ya wakuu wa Hazina wenyewe. Aliyeshika mfuko hakupata chake mpaka wengine wote wamekwisha kulipwa. Mwaka 1816 ukaongezwa ukaguzi maalumu wa orodha hiyo.

Mgawanyo kamili ulifika William wa Nne alipotawala. Gharama za serikali ya kiraia ziliondolewa mikononi mwa mfalme, naye akabaki na pauni 510,000. Victoria alianza na 385,000 mwaka 1837, Edward wa Saba 470,000 mwaka 1901, George wa Sita 410,000, Elizabeth 475,000 mwaka 1952. Angalizo kwa anayechora grafu: usivute mstari mmoja kutoka 900,000 hadi 385,000 na kusema Victoria alibana matumizi. Namba ya kwanza ililipa majaji na mabalozi, ya pili haikuwalipa. Ni vitu viwili tofauti vyenye jina moja.

HesabuZaBuruburu

Ngara amemaliza historia ya zamani. Mimi nachukua asilimia, maana hapo ndipo wengi huteleza.

Mfumo wa leo umewekwa na sheria ya 2011 iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2012. Ruzuku yenyewe inaitwa Sovereign Grant, na ilizikusanya pamoja pesa za Civil List, matunzo ya makasri na gharama za safari rasmi, ambazo kabla ya hapo zilitoka katika mafungu mbalimbali ya bajeti. Mwaka wa kwanza, 2012–13, kiasi kiliandikwa tu kwenye sheria: pauni milioni 31. Kuanzia mwaka wa pili ikaja kanuni.

Piga hesabu hivi. Chukua faida ya Crown Estate, yaani mali ya Taji, ya mwaka wa fedha uliotangulia kwa miaka miwili. Zidisha kwa asilimia iliyowekwa. Jibu ulipandishe hadi pauni laki moja kamili inayofuata, hata kama limebakiza nyingi kufika hapo. Kisha lilinganishe na ruzuku ya mwaka uliopita. Likiwa dogo, liweke kando: ruzuku inabaki ileile ya mwaka jana, kwa kuwa sheria hairuhusu ishuke.

Mfano wa 2013–14. Faida ya 2011–12 ilikuwa milioni 240.2. Asilimia 15 yake ni milioni 36.03, ikapandishwa ikawa 36.1. Njoo 2017–18, asilimia ilipokuwa imepandishwa hadi 25. Faida ya 2015–16 ilikuwa milioni 304.1, robo yake 76.025, ruzuku ikawa 76.1. Ile nyongeza ya asilimia 10 ililetwa kwa kazi moja: kubadilisha nyaya za umeme, mabomba na mitambo ya kupasha joto katika kasri la Buckingham, mradi wa miaka kumi uliokadiriwa pauni milioni 369. Kwa hiyo anayesema familia iliongezwa pesa ya matumizi kwa kiasi hicho anakosea, na anayesema haikuongezwa chochote naye anakosea, maana ile asilimia 15 ya kawaida ilikuwa ikipanda yenyewe kila faida ilipopanda.

Sasa lile sharti la kutoshuka. Faida ya 2020–21 iliporomoka hadi milioni 269.3 kwa sababu ya korona: maduka ya Regent Street ni ya Crown Estate na kodi za pango hazikulipika. Robo yake ni kama milioni 67.4. Lakini ruzuku ya 2021–22 ilikuwa 86.3, kwa hiyo ya 2022–23 ikabaki 86.3. Mwaka uliofuata kanuni ilitoa 78.2, ikalipwa 86.3 vilevile. Mlipa kodi alibeba pengo hilo. Mpinzani wa ufalme mwenye hoja nzuri aipeleke hapa: faida ikipanda mfalme hupanda nayo, ikishuka yeye hashuki.

MwanaKaloleni

Asante sana, Buruburu. Nimejaribu mwenyewe ya 2024–25 kwa asilimia 12. Faida ya 2022–23 ilikuwa milioni 442.6, na jibu langu ni milioni 53.2 baada ya kupandisha. Iliyolipwa ni 86.3. Ni sharti lilelile?

HesabuZaBuruburu

Ndilo hilo, na hesabu yako iko sawa. Ukiizidisha 442.6 kwa 25 utapata kama milioni 110.7, kiasi ambacho hakijawahi kulipwa mwaka wowote. Kikikutokea kwenye makala yoyote, mwandishi ametumia asilimia iliyokwisha kuondolewa.

Sababu ya kushuka hadi 12 ni upepo. Crown Estate inamiliki sakafu ya bahari hadi maili 12 za baharini kutoka ufukoni mwa England, Wales na Ireland Kaskazini, tena ina haki ya kukodisha maeneo ya nishati mbali zaidi ya hapo. Kampuni za mitambo ya upepo hulipa ada ya kila mwaka ili kushikilia eneo kabla ya kuanza kujenga. Ada hizo ziliirusha faida ya 2023–24 hadi pauni bilioni 1.1. Kama asilimia ingebaki 25, ruzuku ingepita milioni 275. Wakaishusha mapema, na bado asilimia 12 ya bilioni 1.1 ikatoa milioni 132.1 kwa mwaka 2025–26. Waambie vijana waseme mambo yote mawili kwa pumzi moja: asilimia imepungua zaidi ya nusu, pesa zimeongezeka kwa zaidi ya nusu. Anayetaja moja bila jingine anapotosha hadhira.

Na tusisahau kwamba ada hizo ni za muda. Kampuni ikianza ujenzi, huacha kulipa ada ya kushikilia na kuhamia kodi ya kawaida ya eneo, ambayo huwa ndogo zaidi mwanzoni. Faida ikishuka wakati huo, sharti la kutoshuka litaishikilia ruzuku juu mpaka Bunge libadili sheria.

Mchambuzi_Pangani

Mmeruka miaka 60 ya katikati, na ndiyo inayoeleza kwa nini wakaenda kwenye asilimia.

Zile pauni 475,000 za 1952 ziliwekwa ziwe za utawala mzima. Mfumuko wa bei ukazila. Novemba 1969 Prince Philip, mume wa Elizabeth, alisema waziwazi kwenye televisheni ya Marekani kwamba mwaka unaofuata wangeingia kwenye hasara. Kamati ya Bunge ikaketi, na mwaka 1972 kiasi kikapandishwa hadi 980,000, zaidi ya mara mbili. Sheria ya 1975 ikaruhusu Hazina kuongeza kila mwaka, na kila mwaka nyongeza ikawa vita magazetini.

Kuepuka vita hivyo, 1990 walifunga pauni milioni 7.9 kwa mwaka kwa miaka kumi kuanzia 1991, wakikisia mfumuko wa bei wa asilimia 7.5. Mfumuko ukaja chini sana ya hapo. Kufikia 2000 kulikuwa na akiba ya takriban pauni milioni 35 ambazo hazikutumika, basi wakaacha kiasi kilekile kwa miaka kumi mingine, akiba ikiliwa kidogokidogo. Ndiyo maana utaona 7.9 ikijirudia kwa miongo miwili huku matumizi halisi yakiwa makubwa zaidi. Usiitumie 7.9 ya 2010 kama gharama ya ufalme ya mwaka ule.

Kwa sababu ya funzo hilo, sheria ya 2011 inataka akiba isizidi takriban nusu ya matumizi ya mwaka. Wadhamini watatu ndio husimamia: Waziri Mkuu, Waziri wa Fedha na mtunza mfuko wa mfalme. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa nchi hukagua vitabu, na ripoti hutolewa hadharani kila mwaka. Tofauti nyingine kubwa, na inawafaa vijana wanaosoma katiba yetu: Civil List ilitoka moja kwa moja kwenye mfuko mkuu wa serikali bila kupigiwa kura kila mwaka, kama pensheni za marais wastaafu zinavyotoka kwetu. Sovereign Grant hupita kwenye makadirio ya Bunge kila mwaka.

Na hoja ya “anarudishiwa kipande cha faida yake” huvunjikia hapa. Faida yote ya Crown Estate huingia hazina. Ruzuku hulipwa na Hazina kutoka pesa zinazopitishwa na Bunge. Asilimia ni kipimo tu. Wangeweza kupimia kwa mishahara au bei ya mkate na mkondo wa pesa ungekuwa uleule. Ushahidi mzuri ni 1936. Edward wa Nane alipojiuzulu, ndugu yake George wa Sita ilibidi anunue makazi ya Balmoral na Sandringham kutoka kwake, kwa kuwa zilikuwa mali binafsi. Crown Estate haikununuliwa na mtu. Ilifuata kiti, kama Ikulu ya Nairobi inavyofuata urais.

Kuhusu yasiyomo: kubwa kabisa ni ulinzi. Polisi wanaolinda familia hulipiwa kutoka bajeti ya usalama, na gharama hiyo haichapishwi. Shughuli za kijeshi za sherehe nazo ziko kwenye bajeti ya ulinzi. Kwa hiyo ile pauni 1.29 kwa kila mtu iliyotangazwa kwa 2021–22, ambayo ni milioni 86.3 ikigawanywa kwa watu kama milioni 67, ni sahihi kwa ruzuku pekee. Upande wa mapato, hakumo pia maeneo mawili ya ardhi ya kifalme (duchy) ambayo hayakutolewa 1760. Lancaster limeshikwa pamoja na Taji, likihesabiwa peke yake, tangu 1399. Cornwall ni la mrithi wa kiume tangu 1337. Hayo ndiyo huendesha mifuko yao binafsi.

Kodi ya mapato: Victoria alilipa, wafalme wa karne ya 20 wakaachiliwa hatua kwa hatua. Kasri la Windsor liliungua tarehe 20 Novemba 1992, watu wakakataa kulipia ukarabati, na siku sita baadaye Waziri Mkuu John Major akatangaza Bungeni kwamba malkia angeanza kulipa. Alianza Aprili 1993, kwa makubaliano ya hiari, si kwa sheria. Ukarabati ulimalizika 1997 kwa pauni milioni 36.5, sehemu kubwa ikitokana na viingilio vya watalii waliofunguliwa milango ya Buckingham kuanzia Agosti 1993.

Mwambao_SouthB

Mwalimu, kama waamuzi watauliza “hayo yanatuhusu nini sisi,” unao mfano wa nyumbani unaofundisha tofauti ya mali ya kiti na mali ya nchi.

Tarehe 14 Desemba 1895 Uingereza na Sultani Hamad bin Thuwaini walitia saini mkataba wa ukanda wa pwani, ule wa maili kumi kutoka baharini. Sultani alibaki mwenye enzi, bendera yake ikapepea Fort Jesus, na Uingereza ikaendesha utawala kwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka. Juu yake ziliongezwa pauni 6,000. Kiasi hicho cha pili kilitoka wapi? Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilipoachia eneo, ililipwa pauni 250,000, na 200,000 kati ya hizo zilikuwa pesa za Unguja, zile Wajerumani walizolipa kwa kupewa pwani ya Tanganyika. Asilimia 3 ya 200,000 ni 6,000. Yaani Unguja ilikopesha pesa za kuwaondoa wapangaji wa zamani, kisha ikalipwa riba. Jumla pauni 17,000.

Vijana wakisema “Sultani alilipwa 17,000” waulizwe: kama mtu, kama kiti, au kama serikali ya Unguja? Wakati huo Unguja tayari ilikuwa imetenganisha posho ya Sultani na bajeti ya serikali, katika mageuzi ya 1891 ambayo pia yalimweka Lloyd Mathews kuwa waziri wa kwanza. Mpango huo wa pwani ulifungwa kwa barua za Oktoba 1963 kati ya Kenyatta na Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, na ukanda ukaingia Kenya tarehe 12 Desemba.

Kuhusu Sagana, kwa kuwa lazima itatajwa: nyumba ile ilikuwa zawadi ya arusi ya 1947 kutoka serikali ya kikoloni kwa Elizabeth, na ikarudi kwa serikali ya Kenya wakati wa uhuru. Isiwekwe kabisa kwenye hesabu ya Crown Estate.

Kumbukumbu_Ngara

Nyongeza ndogo kwa Buruburu kabla vijana hawajachapisha: tangu 2017 usimamizi wa mali ya Taji iliyoko Scotland uko chini ya serikali ya Scotland na faida yake huenda huko. Faida inayoingia kwenye kanuni ni ya upande wa England, Wales na Ireland Kaskazini. Ada za mitambo ya upepo iliyo kwenye bahari ya Scotland zisijumlishwe, hata zikitajwa kwenye habari ileile.